Dawa ya meno chini ya alama ya Mama Feni

Saa tatu na robo asubuhi, fundi amesimama mbele ya meza yake, mikono kiunoni, anaikodolea macho kompyuta mpakato ya mteja. Kwenye kioo watu wenye bunduki wanakimbizana, feni inavuma, na pembeni programu ya kupima joto inapandisha namba: nyuzi tisini na moja, tisini na sita, tisini na tisa. Kisha pap! Giza.

"Dakika kumi na moja," anasema, na kusonya. "Mara ya nne hiyo tangu asubuhi. Halafu eti mafundi wengine wanamwambia mtu bodi imekufa. Maiti gani hiyo inayocheza gemu dakika kumi na moja?"

Mtaani wanamwita Mama Feni, kwa kuwa kabla ya kushika bisibisi huinamisha sikio kwenye mashine akasikiliza. Ana miaka arobaini na mitatu. Kumi na sita kati ya hiyo amefanya kazi kwenye chumba hiki chenye meza mbili: moja yake, nyingine ya kaka yake aliyemfundisha ufundi.

Mwenye mashine ni msichana wa chuo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Anacheza gemu kwenye timu ya watu watano inayoshindana na vyuo vingine. Mashine ikizima, wenzake wanabaki wanne, wanapigwa. Imeshatokea mara tatu.

"Wanasema nazima makusudi nikiona mambo magumu," anasema. "Kapteni ameshaniambia, Jumamosi sitacheza. Wametafuta mtu mwingine."

Fundi ameshajaribu chaja nyingine. Ametoa betri, akatumia umeme wa ukutani peke yake. Wapi! Lakini ukiandika tu au ukitazama picha, mashine inakaa kutwa bila kuzima.

"Sasa hapo ni joto, huhitaji kupiga ramli," anasema. "Ikiona inakaribia kuungua, inajizima ijiokoe. Ina akili kuliko hao mafundi wawili waliomuuzia huyu mtoto betri na chaja asizozihitaji."

Anafungua skrubu kumi. Mfuniko unatoka, na mkono wake unasimama hewani.

Ndani ya mfuniko kuna duara lenye nukta katikati, na tarehe ya mwezi wa tatu. Ni alama yake. Kila mashine anayoifungua huiandikia hivyo, ili ikirudi mbovu asiwe na pa kujificha. Hana kibao mlangoni wala tangazo redioni. Wateja wanaifuata alama hiyo, na wengine hawaachi mashine mpaka wahakikishiwe kwamba itawekwa.

"Wiki hiyo sikuwepo," anasema polepole. "Nilikuwa namuuguza mama."

Anang'oa bomba la shaba linalobeba joto la prosesa, ubongo wa mashine. Palipotakiwa kuwa na ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto, pana kitu cheupe, kikavu, kimepasukapasuka. Anakikwangua kwa kucha, anakilowesha, ananusa.

"Dawa ya meno!" Anapiga meza, skrubu zinaruka. "Jamani! Prosesa ina meno?"

Wapo mafundi wanaofanya hivyo, na wanajua wanachofanya. Ikiwa mbichi inasaidia siku chache, mteja anaondoka akishukuru. Ikikauka inakuwa kama chokaa, joto linakosa njia. Ni uhuni mtupu.

Kaka mtu anaingia akichezea simu. Anaona mfuniko ulio wazi, anataka kugeuka aondoke.

"Kaka, hii uliifungua wewe?"

"Mdogo wangu, siku ile dawa iliniishia, na mteja ana haraka..."

"Na alama yangu?"

"Walikuwa wanakuulizia wewe tu. Bila alama wasingeniachia kazi."

Msichana anainuka. "Nilirudi hapa mara mbili, nikakukuta peke yako. Ukaniambia niache gemu, nisome!"

Hapo ndipo Mama Feni anapowaka. "Yaani umemharibia mtoto wa watu mashine, ukamfokea juu ya hayo, halafu ukasaini kama mimi!"

"Usinipandishie sauti. Nani aliyekufundisha kushika bisibisi?"

"Wewe! Na ulinifundisha vizuri. Ndicho kinachoniuma."

Anasafisha prosesa kwa spiriti, anatoa vumbi kwenye feni kwa brashi, anaweka dawa mpya kiasi cha punje ya mchele. Anaiwasha. Msichana anacheza saa nzima, joto linakwama kwenye nyuzi sabini na nane. Anacheka na kulia kwa pamoja, lakini fundi hacheki.

"Ulifungua ngapi kwa jina langu?"

Kaka anatazama sakafu. "Kumi na tisa."

Fundi anamwomba msichana namba ya kapteni wake, anaipiga, anaweka sauti ya wote kusikia, na kuisukuma simu mpaka mbele ya kaka yake. "Sema."

Kaka anasema. Anaanza kwa kuzungukazunguka, dada yake anamkata jicho, basi anaitapika yote: dawa ya meno, alama ya wizi, na kwamba msichana hakuzima kitu.

Kapteni anasema, "Mwambieni arudi, Jumamosi anacheza. Na wewe mzee, usije ukaigusa mashine yangu."

Mama Feni anasema atazirudia mashine zote kumi na nane zilizobaki, bure, kabla mwezi haujaisha.

"Wengine watanitukana, nitasikiliza. Wengine hawatarudi tena, na siwalaumu. Nataka nikimaliza nijue nimebaki na wateja wangapi, nianze nao hao."

Kaka anajifuta jasho, ananyoosha mkono kuirudisha simu.

"Bado," anasema dada yake. "Mpigie mteja wa pili."