Askari Mzoefu wa Mlango Namba Tatu

Wakala aliyenitafutia kazi Doha aliniambia kwamba askari mzoefu haanzi darasa la kwanza. Nilikuwa nimetumikia polisi miaka kumi na sita, nikafika usajenti, na mingi ya miaka hiyo niliimaliza nyuma ya kaunta ya kituo. Vyeti vyangu nilivikumbatia safari nzima ya ndege kwenye faili la plastiki kama mtoto mchanga. Kumbe huko hakukuwa na wa kuviuliza. Wiki ya kwanza nilifundishwa kusimama wima, mimi na wasichana ambao kwata walikuwa wameiona kwenye televisheni tu.

Tulikaa Al Mansoura, wanawake sita chumba kimoja, na kila asubuhi basi la kampuni lilitupeleka Al Sadd, kwenye jengo la maduka. Nilipangiwa mlango namba tatu. Bosi wangu pale alikuwa binti wa Kikenya wa miaka ishirini na sita, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa askari wa chochote. Siku ya kwanza nilimwona, nikakasirika. Siku ya tatu aliona miguu yangu imevimba, akanitafutia kiti, akaniletea na chai ya karak kwenye kikombe cha karatasi. Hasira ikakosa pa kukaa. Nilimpenda yule mtoto, na sikumwambia.

"Mathee, hiyo mambo ya polisi uisahau," aliniambia. "Huku hatushiki mtu. Hatupekui, hatuulizi maswali. Ukiona kitu, unaniita kwa redio, basi. Ukigusa customer unarudishwa home, na mimi sitakuwa na lolote la kukusaidia. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Ukubwa jalala, nikameza. Nyumbani nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, na barua ile haina kurudi. Miezi mitatu ya majaribio ikienda vizuri, ningepewa mkataba wa miaka miwili. Ikienda vibaya, tiketi.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Alasiri moja, watu wamejaa kwa manunuzi ya Idi, king'ora cha duka la manukato kikalia, na mwanamume mmoja mwenye mvi akatokea mlangoni kwangu na mfuko mkononi. Redio ilikuwa kiunoni. Sikuigusa. Mkono ulikuwa umeshamshika kiwiko. Mazoea yana tabu. Nikamwingiza kwenye chumba kidogo cha vitu vilivyopotea, nikafunga mlango.

"Vua viatu. Vua mkanda. Simu na funguo mezani. Kaa chini."

Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko nilivyosema jina la mama yangu. Yalitoka kwa Kiswahili, na sikushtuka, kwa sababu yule bwana hakuuliza kitu. Alivua viatu akavipanga, akaukunja mkanda akauweka mezani, simu juu yake, funguo pembeni. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti pamoja. Ndipo akaniamkia.

"Shikamoo, afande."

Alinizidi umri kwa miaka kumi, si chini ya hapo, na alikuwa akinipa shikamoo kutoka sakafuni. Kukaa vile mtu hajifunzii Doha. Nikafungua mfuko: chupa moja ya manukato, na risiti yake. Keshia alisahau kukitoa kile kidude kinacholiza king'ora.

Mlango ukafunguliwa. Bosi wangu aliitazama soksi iliyotoboka kidoleni, akautazama mkanda mezani.

"Mathee," akasema. Machozi yalimlenga.

Ilikuwa lazima ripoti iende kwa meneja siku ileile: maelezo yangu juu, ya mteja chini. Nimeandika maelezo ya watu miaka mingi, na najua pa kuchezesha kalamu kosa likahamia kwa mwingine. Safari hii sikulihamisha. Kisha nikauchukua ule mkanda, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka. Naomba unisamehe."

Aliupitisha mkanda kiunoni taratibu, tundu kwa tundu, sisi tukisubiri.

"Marahaba," akasema. Alikuwa dereva wa familia moja, na manukato yalikuwa ya mkewe. Baada ya Idi angekwenda likizo. "Kule kwetu nimekalishwa hivi mara mbili, dada. Mikanda yote miwili niliiacha hukohuko."

Sikumuuliza kituo gani. Niliogopa jibu.

Akaomba kalamu, akaandika mstari mmoja, akavaa viatu, akaenda zake. Jioni meneja aliona maneno yale si ya Kiingereza, akamuuliza bosi wangu yanasema nini.

"Mkanda nimerudishiwa," bosi akamsomea, kisha akamfasiria: mteja hana malalamiko.

Meneja akaniongezea miezi mitatu ya majaribio. Nikakaa miaka saba.

Lakini jioni ile, meneja alipoondoka, bosi wangu aliniuliza kwa nini mtu aandike habari za mkanda badala ya kuandika tu kwamba hana neno. Nikamweleza kaunta yetu ilivyokuwa: viatu vilivyopangwa ukutani, mikanda ndani ya boksi, na ile ambayo wenyewe hawakuthubutu kuirudia. Nikamweleza hata ule mmoja wa ngozi nzuri ambao mdogo wangu aliuvaa siku ya harusi yake, na mimi ndiye niliyempa.

Alinisikiliza mpaka karak yake ikapoa. Hakunifokea, na heri angenifokea.

"Mathee," akasema, "kesho unaanza upya."

Nikamwambia sawa.