Utando Niliotoka Nao Kinoru

Miezi ile sikuweza kukaa kitini. Niliandika mistari miwili ya ripoti, nikainuka kwenda kuchungulia kabati la joto, nikarudi nimesahau nilikuwa naandika nini. Mhadhiri aliyenisimamia, ambaye sote tulimwita Daktari, alikuwa amenizoea.

"Ukiwatazama hivyo hawatakua haraka," aliniambia siku moja. Nikaketi. Labda dakika tano.

Niliowatazama walikuwa bakteria. Wako bakteria ambao ukiwapa chai ya rangi yenye sukari na kuwaacha watulie, hufuma utando juu yake, mweupe, mzito, unaoteleza mkononi. Huo ni ufundi wao wa kuzaliwa nao. Sisi, katika maabara ndogo karibu na Kinoru, mjini Meru, tulikuwa tumewaongezea jeni za kigeni: za kuhisi mwanga wa buluu, na ya kutengeneza rangi nyeusi. Tulitaka pale tunapowamulika utando uwe mweusi, na tusipowamulika ubaki mweupe. Yaani kitambaa kinachojifuma na kujipaka rangi chenyewe, kwa amri yetu.

Kwa nusu mwaka walikataa. Mara utando wote ulikuwa mweupe, mara wote kijivu kama maji ya kudekia. Halafu Alhamisi moja asubuhi nikafungua kabati nikakuta mistari. Mistari ile nilikuwa nimeichonga kwenye karatasi ngumu ya boksi, nikapitisha mwanga katikati yake: mchoro wa pembetatu ambao mama yangu huuweka kwenye vyondo vyake, vile vikapu vya kusuka. Nilizunguka meza nikicheka peke yangu, kisha nikampigia simu.

Mama anaishi Ishiara. Analima ndengu, na jua likiwa kali husuka vyondo barazani. Mwaka ule macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na Jumatatu iliyofuata alikuwa apasuliwe jicho moja hospitalini Embu. Aliamini angetoka huko kipofu kabisa.

"Mama," aliniambia, maana mimi nilipewa jina la mamake na ndivyo anavyoniita. "Miaka yote hiyo ya masomo sijawahi kuona kitu ulichotengeneza. Niletee hicho nikione kabla hawajanikata."

Kanuni ya maabara ilibandikwa mlangoni, na niliijua kwa moyo: kiumbe aliyebadilishwa jeni hatoki akiwa hai. Ningeweza kuuchemsha ule utando ufe, lakini nilikuwa nao mmoja tu, na niliogopa rangi ingetoka. Ijumaa, Daktari alipoenda mkutanoni, niliutia kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na chai yake, nikakaza kifuniko, nikaifunga chupa kwa leso na kuificha ndani ya mkoba. Nilitoka getini nikitembea haraka, kama mtu aliyeitwa.

Jumamosi nilisafiri. Nilishuka Runyenjes kubadilisha gari, nikaketi kwenye benchi kando ya mama mmoja aliyeuza maparachichi. Nilihisi harufu ya siki, ya ile chai iliyochacha. Nilipougusa mkoba, chini ulikuwa umelowa.

"Binti, umebeba maziwa yaliyoganda?" yule mama aliuliza, akinyoosha mkono kunisaidia kuusogeza.

"Usiguse!" nilipiga kelele. Watu waligeuka. Akaurudisha mkono polepole na kuufuta kwenye kanga yake, ingawa haukuwa umegusa kitu. Hilo hadi leo linaniumiza kuliko yote.

Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Ishiara haikuwa mbali. Lakini nilimpigia Daktari simu na kumweleza kila kitu, nikiwa nimeshika mkoba juu ya benchi kwa mkono mmoja.

Akauliza, "Umefungua chupa?"

"Hapana."

"Nenda dukani ununue ndoo yenye kifuniko na dawa ya kung'arisha nguo, ile kali. Tia mkoba wote ndani. Usichague cha kuokoa. Benchi nayo uimwagie. Halafu rudi."

"Daktari, mama yangu ananingoja. Na hawa hawawezi kumdhuru mtu, wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema. Sasa rudi."

Nilitia mkoba ndani ya ndoo na daftari langu na leso, nikalegeza kifuniko cha chupa humo humo, nikamimina dawa. Utando ulififia kuanzia kingo, ile mistari ikawa ya kahawia, kisha haikuwapo. Niliosha benchi huku yule mama wa maparachichi akinitazama. Nilimwomba radhi. Alisema hakuna neno, lakini alihamisha kikapu chake.

Mama nilimwambia ukweli kwenye simu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba angeenda Embu na dada yangu, na nisile bila kunawa.

Nilifungiwa maabara hadi mwisho wa muhula. Niliandika maelezo kurasa tatu, nikayasoma mbele ya kamati. Daktari alikaa nyuma na hakunitetea wala kunisema. Siku niliporuhusiwa kurudi, alinionyesha karatasi yangu ya boksi, ile niliyochonga. Alikuwa ameitumia kukuza utando mwingine, akauchemsha, akaukausha. Rangi haikutoka.

Mama alikuja Meru mwezi uliofuata, jicho moja likiona vizuri na la pili likingoja zamu. Tulimketisha kwenye chumba cha wageni, nikamwekea utando mkavu mapajani. Aliupapasa, akaukunja, akaunusa. Aliuinua dirishani na kulifunga lile jicho bovu.

"Nani kafuma?"

"Bakteria, mama. Wadudu wadogo sana."

"Pembetatu hii imepinda," alisema, akiweka kidole. "Na hii. Walianza vizuri wakachoka."

Daktari alicheka. Mimi nilisogea kuangalia. Ni kweli ilikuwa imepinda, pale boksi lilipojikunja kwa unyevu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona. Mama alikuwa bado anaeleza jinsi anavyozuia uzi usilegee pembeni, na mimi nilikuwa nimeshainuka kutafuta kalamu niandike.