Kalunguyeye Aliyepimwa kwa Kipimo cha Mbuni

Mume wangu amewatunza mbuni wa bustani ya wanyama miaka kumi na tisa, na muda wote huo nimekuwa mke mwenza wa ndege wale. Mbuni mmoja akikataa kula, na mume wangu naye husukuma sahani yangu pembeni. Mimi hununa, kisha namwonea huruma.

Mwezi uliopita mtunzaji wa wanyama wadogo aliugua, mume wangu akakabidhiwa kalunguyeye, kinyama cha miiba kinachoenea viganjani. Alirudi anacheka: yai moja tu la mbuni lina uzito wa kalunguyeye watatu! Nikamwambia aache dharau.

Siku ya nne kulikucha na baridi kali. Akamkuta kalunguyeye amejikunja, wa baridi, amekakamaa, pumzi haionekani. Mbuni akifa hana siri. Ukimgusa akawa wa baridi, huna la kungoja tena. Kwa akili hiyohiyo akamfunga kwenye gazeti, akamzika nyuma ya stoo, akaandika daftarini kuwa amekufa, akaenda kulisha ndege wake.

Alasiri daktari wa wanyama alilisoma daftari, akamwita.

"Ulimpasha joto kwanza?"

"Nipashe joto maiti, daktari?"

Daktari hakumfokea. Alimweleza kwamba mwili mdogo vile hupoteza joto upesi. Baridi ikizidi, kalunguyeye huzimia na moyo ukapiga polepole mno, hata ukadhani amekufa. Mbuni hana tabia hiyo. Kalunguyeye ukimkumbatia kifuani, mara nyingine huzinduka.

Mume wangu alitoka mbio, akafukua kwa mikono.

Alifika nyumbani kabla ya saa za kutoka kazini, kucha zimejaa udongo. Nilidhani amefukuzwa. Aliponisimulia, roho iliniuma, lakini nikajikaza. Nikamwambia daktari mwenyewe amesema mara nyingine tu, si kila mara. Huenda kinyama kilikuwa kimekufa kweli, asijitese bure.



"Mke wangu," akasema, "nilimzika amejikunja. Nimemkuta amejinyoosha, na gazeti limechanwa kwa ndani."

Nilikuwa na maneno mengine ya kumfariji. Badala yake nikamletea maji ya kunawa.