Maneno ya Mardochée

Bwana yangu Idrissa alibeba mizigo kwenye bandari ya Kindu tangu ujana, na kila boti ilimwachia neno. Kilingala, Kikusu, Kifaransa cha kuokota. Mtu mwenye luga nyingi, ingine haimsumbui: aliuliza mara moja tu. Kisha alilifunga neno kwa jina la aliyempa. "Hii ya Jérémie wa Ubundu. Hii ya mama wa samaki." Mimi nilikuwa nikicheka, nikimwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. "Papa Divine, maneno ni mbuzi, yana mwenyewe?"

Vita ikafika. Treni ikakatika, bandari ikanyamaza. Mimi nilikuwa nimetoka kuzaa, nikabaki mtaani kwetu Mikelenge. Idrissa akakimbilia pori la Pangi. Huko mkulima mmoja, Mardochée, alimpa malazi, akamfundisha Kirega, luga ya kwao, wakipalilia mihogo, maana mgeni siku zile aliuawa bure. Lakini Mardochée mwenyewe alitoka kutafuta chumvi, hakurudi. Hatuna kaburi, hatuna picha.

"Maneno yake tu njo nilibakia nayo," Idrissa husema tangu arudi, akilia bila haya.

Mwaka jana kichwa chake kilianza kuvuja. Neno la Kirega la moto likapotea, kisha la mvua. Akajipiga paji la uso. "Nikiyasahau, Mama Divine, njo nimemuzika mimi mwenyewe."

Roho iliniuma. "Nipe mimi," nikasema.

Ee Mungu, nilipata shida! Mimi na Kiswahili changu kimoja, mdomo mgumu. Aliyoyakumbuka bado alinifundisha, mengine akayatoa jirani yetu Claudine, Mrega wa Pangi. Idrissa alinicheka mpaka machozi, na kumbe nilikuwa nimekikosa sana kicheko kile. Lakini utotoni nilisoma Korani chuoni, aya ndefu nisizozielewa, kwa kuimba tu na kutikisa mwili. Basi nikaimba Kirega nikitwanga sombe, majani ya mihogo. Claudine akauliza kama nimerogwa. Aulize! Polepole njo mwendo, na maneno yakaingia yote.

Juma lililopita mvua ilitukuta barazani.

"Hii mvua," Idrissa akauliza, "kwa Kirega wanaitaje?"

Nikamjibu palepale, kifua mbele. Akatabasamu.

"Neno muzuri. Ya nani?"

"Ya Mardochée, Papa Divine."

Akanitazama kwa upole.

"Mardochée njo nani?"

 Nikavuta kiti karibu naye, nikamshika mkono.

"Ni rafiki yako," nikasema, nikaanza kumsimulia.