Mtu wa Matope Aliyerudisha Mto

Mimi kitu cha kunishangaza duniani kilishakwisha. Nimeishia darasa la nne, nikabeba magunia ya mpunga kwenye mashine ya watu kule Njisi, na leo mashine ya kukoboa hapa Kyela ni yangu. Ikiharibika naifungua mwenyewe.

Kwa hiyo binti yangu, mwalimu wa sekondari, alipoleta mchezo wake wa dadu barazani kwangu, pale kwenye mashine, Jumapili moja, niliuona wa kitoto. Yeye anasimulia nchi ya kubuni, nyie mnakuwa watu wa humo. Tulicheza wawili, mimi na jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa Tanga.

Tukarusha dadu za kuzaliwa. Jirani akaangukia tabaka la Moto, akawa mwalimu wa uchawi hekaluni. Uchawi wa humo ni elimu, si ule wa kurogana. Mimi nikaangukia Matope.

"Dini yao inakataza kumfundisha mtu wa Matope," binti akasema. "Atakayemfundisha anakatwa ulimi."

"Hata mwenye hela?"

"Hata mwenye hela, baba."

Hapo nilishangaa kidogo.

"Pole, mzee wa matope," jirani akanitania.

Sikujali. Nikavua samaki wa humo, nikauza, nikaweka dhahabu ya kujengea nyumba ya mawe. Ndipo binti akatuambia mto umefurika, kijiji cha Matope kinakwenda na maji. Kulikuwa na neno la uchawi la kuurudisha mto, lakini hekalu halikumtuma mtu.

Nikafanya nilichofanya Njisi nilipotaka kuijua mashine: nikaomba kazi ya kufagia. Nikafagia hekalu.

"Leo nasoma kwa sauti," jirani akasema, macho kwenye mabati ya baraza. "Kichwa changu kizito, lazima nirudie." Akalirudia neno la maji, na mimi nafagia palepale miguuni pake.

Nikaenda mtoni, nikarusha dadu. Mto ukarudi. Nilisimama nikaizunguka mashine nzima kwa furaha, wala sioni haya.

Makuhani wakanikamata. "Taja aliyekufundisha," binti akasema kwa sauti ya kikuhani, "uende na mali yako. Usipotaja, hekalu linachukua yote."

Jirani akaufunika mdomo kwa kiganja, kama anauficha ulimi wake.

"Hakuna aliyenifundisha. Nimejifundisha mwenyewe."

"Kama mashine," binti akasema.

"Kama mashine."

"Ndaga fijo," jirani akasema. Ni asante sana, Kinyakyusa chake cha dukani, na siku hiyo alikitamka vizuri kuliko siku zote.

Hekalu likanikomba. Lakini kijiji cha Matope kimesimama mpaka leo, ulimi wa jirani upo na unanitania kila asubuhi, na aliyefanya hayo ni mimi. Imenigharimu vipande mia tatu kumi na vinne vya dhahabu.