Vyungu Kumi na Kimoja vya Bi Khamisa

Barua ya wakala wa nyumba ilimpa Bi Khamisa siku kumi na nne: aondoe mimea yote ya ndani, la sivyo ahame. Ukuta wa sebule umeota ukungu, ilisema, na mimea ndiyo iletayo unyevu. Mimi, msomaji wa barua zake za Kiingereza, nilimsomea hiyo mara mbili, jikoni kwake Guildford, Sydney, majira ya baridi ya mwaka 1996.

"Siondoi hata jani," alisema.

Alikuwa mjane kutoka Tanga, akipiga pasi mashuka ya hospitali. Mwaka wake wa kwanza Sydney alinunua mimea akaimwagilia kila asubuhi, kama alivyozoea kumwagilia mirehani ya uani kwao. Yote ikaoza. Tangu hapo alifuga isiyodeka: mishubiri, ambayo utomvu wake aliupaka alipoungua na pasi, na mmea wenye majani magumu yaliyosimama kama mapanga, ambao yeye aliuita mkonge. Maji, mara moja kwa wiki tatu.

"Nikirudi kazini nakuta kitu kilicho hai," aliwahi kuniambia. "Na hakinijibu Kiingereza kama wanangu."

Siku wakala aliyopanga kuja kukagua nyumba niliitwa kutafsiri. Kabla wakala hajafika nilimsihi tuhamishie vyungu kwangu mwezi mmoja tu, mambo yapoe.

"Wewe msomi mzima unaogopa tai ya shingoni?"

Niliogopa kweli.

Wakala, kijana mwenye tai, alikaribishwa chai na hakuruhusiwa kuanza mpaka kikombe kiishe. Kisha Bi Khamisa akaniambia, "Mwambie atie kidole kwenye udongo. Vyungu vyote."

Kijana alicheka, lakini akatia. Kidole kikatoka na vumbi. Chungu cha pili, vumbi. Hadi cha kumi na moja.

"Sasa aweke kiganja ukutani. Pale juu."

Kiganja kilirudi kimelowa. Juu ya ukuta ule palikuwa na bafu la jirani, na bomba lake lililovuja tulikuwa tumelilalamikia mara tatu. Barua niliziandika mimi.

Kijana alijifuta kwenye suruali. Alisema atatuma fundi, na barua ile tuihesabu kama haipo.

"Aandike hayo," alisema Bi Khamisa. "Hapa hapa. Chai bado ipo."

Akaandika.

Fundi bomba alipokuja aliomba vyungu visogezwe ili apite. Bi Khamisa alisogeza viwili. Kwa vilivyobaki, akamwonyesha pa kukanyaga.