Pamba Fifi Mbele ya Kamera

Miaka ile ya sabini tajiri wangu, mwenye studio pale Nyahanga, aliamini kwamba picha isiyo na mtu ni filamu iliyotupwa. Na mtu mwenyewe hakutosha. Ilibidi aegemee meza yenye maua ya plastiki, ashike simu isiyo na waya, na nyuma yake lining'inie pazia lililochorwa ziwa lenye batamzinga wanaoogelea. Batamzinga! Mchoraji hakuwahi kumwona ndege huyo, na tajiri hakujali.

Nilimdharau. Wateja waliopanga foleni kushika ile simu niliwadharau pia, ingawa hela zao ndizo zilizonilisha.

Kwa hiyo ofisi moja mjini Shinyanga ilipotafuta mpiga picha wa kuajiri, na kutaka kila mwombaji alete picha moja ya mazao ya kutundikwa kwenye maonyesho ya Sabasaba, niliona nimepata pa kutokea. Nikiajiriwa, nisingeliona tena lile pazia. Filamu zilikuwa adimu. Tajiri aliniazima kamera kuukuu kwa shingo upande, imebakiza picha mbili tu, akanisihi nisisahau kuweka saa ya ukutani katikati ya maboga.

Nilikwenda Masumbwe kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Alinipa chumba cha nje chenye dirisha moja linalotazama mashariki. Jioni ile nilitandika gunia juu ya benchi nikapanga kila kilichovunwa: boga, mahindi, mihogo, viazi, kibuyu, matawi ya pamba. Ikawa meza ya gengeni. Nikaondoa mahindi, maana mahindi hujipendekeza mno. Boga nalo lilijaa pale mbele kama mwenyekiti wa kikao, likawaficha wenzake; nikalitoa. Vikabaki viazi vyenye udongo wake, kibuyu chenye ufa na tawi moja la pamba iliyopasuka. Nilisogeza tawi huku na huku hadi nikajua kivuli chake kitalala wapi jua likichomoza. Udongo sikuugusa, kwa sababu kwenye picha nyeusi na nyeupe ndio unaokipa kiazi ngozi yake.

Nikamwambia shangazi kwamba picha hii inakwenda serikalini, Shinyanga. Kisha nikalala.

"Shikamoo, shangazi," nilimwamkia asubuhi.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Nimekumalizia kazi yako."

Alikuwa ameosha viazi vikang'aa. Kibuyu alikuwa amekipaka mafuta. Pamba ameitoa yote, ya lile tawi na ya yale niliyoyaweka kando, na kuichambua, kwa sababu kwetu pamba inayokwenda serikalini lazima ichambuliwe: safi peke yake, na fifi, ile yenye madoa na takataka, peke yake. Bila hivyo karani wa kituo cha kununulia anakurudisha nyumbani na mzigo wako kichwani. Safi aliijaza kwenye ungo, akauweka juu ya benchi. Fifi na maganda alivitupa nje, kando ya mlango.

"Hii ndiyo ya kuwapelekea," alisema. "Ile michafu wasiione."

Hasira zilinipanda. Nilimwona mshamba asiye na macho, sawa tu na tajiri wangu. Lakini huyu alinilea, nikameza. Nikaupiga picha ule ungo ili aridhike. Pamba ilionekana kama ugali.

Alipokwenda kisimani nikatoka nje. Jua lilikuwa bado chini, likiipiga ile fifi ubavuni. Kila doa lilionekana, maganda yamefunua midomo, na vivuli vyao virefu vikipita juu ya udongo. Nilisogeza ganda moja tu, nikalala kifudifudi, nikabonyeza. Hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga, na sioni sababu ya kunyenyekea ninapoisema.

Niliporudi Nyahanga kusafisha picha, ile ya ungo niliiacha huko. Afadhali nikose kazi kuliko kuipata kwa ugali.

Afisa aliyetupokea Shinyanga alikuwa na suti ya Kaunda iliyombana tumbo na kalamu nyingi mfukoni. Ukutani kwake tayari pametundikwa picha ya boga lililozungushiwa waridi za plastiki. Aliishika picha yangu mbali na uso, kama mtu aliyepewa nepi.

"Hii ni fifi."

"Ndiyo, mzee. Ila tazama mwanga wake."

"Mwanga tunao. Mkoa mzima unaleta pamba safi, wewe unatuletea fifi?" Akachomoa kalamu. "Shamba hili la nani?"

Niliielewa ile kalamu. Wiki haitapita kabla bwana shamba hajatumwa Masumbwe kumkaripia mwanamke mzima mbele ya majirani zake. Nilimtazama yule mpumbavu na tumbo lake.

"Langu, mzee."

"Basi kajifunze kulima kwanza. Asiyejua kuchambua pamba atatuchagulia picha gani?"

Akanirudishia picha. Kazi alipewa mwenye boga.

Nilipopita Masumbwe, shangazi alinikuta hata sijatua begi, akauliza kama wameipokea. Nikamwambia wameipokea, na wameisifu sana pamba yake.

"Si nilikuambia?" alisema, akinishika mkono kwa furaha. "Ungewapelekea ile fifi, wangekufukuza."